Mhandisi na Kisanduku Chake cha Lami

Ilikuwa saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, Jumapili moja ya Agosti mwaka 1993, mama yangu alipovua hedifoni, akaziweka juu ya kanga iliyokunjwa mapajani, akaniuliza kwa nini binti yake aliyeolewa Kigoma anamsomea bei ya viazi vya Ruhengeri, tena kwa Kinyarwanda, tena kwa sauti ya mwanamume.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye kinasa kaseti. Vitufe viwili vilikuwa vimebonyezwa pamoja, cha kuchezea na kile chekundu cha kurekodia, na kaseti ilikuwa ikizunguka. Nilikizima, nikairudisha mwanzo, nikasikiliza. Bei ya viazi. Bei ya maharage. Tangazo la sabuni. Wimbo wa kwaya. Halafu, katikati ya sentensi, sauti ya dada yangu ikajitokeza ikiwasalimia majirani mmoja mmoja, ikaagiza vitenge viwili, ikaaga. Yote aliyoyasema kabla ya salamu hizo yalikuwa yamefutwa.

Kaseti ile mama alikuwa ameilalia chini ya mto kwa wiki tatu. Dada yangu hajui kuandika, hivyo barua zake alizisema, na mfanyabiashara wa nguo aliyepitia mpaka wa Rusumo ndiye aliyezileta. Safari hii mfanyabiashara alimwambia mama jambo moja tu: binti yako amejifungua mtoto wa kike, mengine yamo humu. Mama hakukubali mtu mwingine aisikilize kwanza, hata mimi. "Barua yangu haifunguliwi na mtu," alisema. Na yeye mwenyewe asingeweza kuisikiliza kwa spika ya kawaida, kwa maana masikio yake yalikuwa yamebakiwa na kidogo sana. Daktari alikuwa ametuambia wazi kwamba hata hicho kidogo kingeondoka, baada ya mwaka mmoja au miwili. Mama alikuwa na kisanduku cha kusikilizia redio, amplifaya ya hedifoni yenye tundu moja tu la kuingizia sauti. Akasubiri kiongezwe tundu la pili, la kinasa kaseti. Aliyekitengeneza kisanduku na kulitoboa tundu hilo ndiye ninayemwandika hapa.

Simtaji jina. Mtaa mzima wa Kabeza, Kigali, ulimwita Mhandisi, kwa sababu ndivyo alivyojiandikia mlangoni kwa rangi ya kijani, na chini yake kwa Kifaransa, ili wasiojua neno la kwanza wasiachwe nje ya heshima. Hakuwa mhandisi. Alikuwa fundi redio, na wa kiwango cha kati. Kazini alivaa koti jeupe la mfamasia, lenye mifuko mitatu, na mfukoni mwa kifuani zilikaa kalamu nne ambazo sikumwona akiandika nazo. Miguuni alivaa ndala. Mteja akiingia alijifanya hamwoni mpaka amalize kupuliza vumbi ndani ya redio fulani, na vumbi hilo mara nyingine halikuwepo.

Mimi nilikuwa na duka dogo la nyuzi, zipu na vifungo karibu na kiwanda cha Sonatubes, na nyumba mtaa wa Niboye. Mambo ya umeme nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya shule vya Kifaransa vilivyochakaa na kamusi kando. Naweza kusoma mchoro wa saketi na kueleza kila kipande kinafanya nini. Kulehemu sikuweza, viungo vyangu vilikuwa vikiachia ndani ya wiki. Ndiyo maana nilimhitaji, naye alilijua hilo siku ya kwanza. Kila nilipomwuliza swali alinijibu kwa kunyoosha chuma chake cha kulehemu upande wangu, mpini mbele: "Chukua basi, mzee wa vifungo. Lehemu wewe."

Alikuwa na misemo. Mtu anayejua kazi hahitaji misemo mingi, kazi yenyewe humsemea. Mhandisi alikuwa nayo ya kutosha warsha mbili. "Sauti ni maji: ipe njia, itafika." "Tundu tupu ni mdomo unaolia njaa." Neno lililomponya na kila swali lilikuwa "impedansi", yaani ukinzani wa umeme, alilolitamka kwa uchungu kama jina la ugonjwa wa ukoo. Redio ikinguruma, ni impedansi. Ikinyamaza, impedansi imepanda. Mama mmoja wa Kabeza aliyekuwa akiuza ndizi mbivu karibu na mlango wake alinieleza kwa masikitiko kwamba redio yake ilikufa kwa impedansi, na kwamba fundi alijitahidi sana lakini Mungu alikataa.

Mawe ya redio, yaani betri, aliyapima kwa ulimi. Alikuwa na mita ya kupimia, nzuri, ya Kijerumani, iliyotundikwa ukutani ndani ya mfuko wa nailoni ili isichakae. Betri aliilamba, akafumba macho, akatangaza: "Hii iko na siku nne." Nilizipima mbili kati ya hizo kwa mita yangu nyumbani. Moja ilikuwa mpya. Nyingine ilikuwa imekufa tangu alipokuwa akiilamba.

Ninalazimika kusema na upande mwingine, kwa sababu picha ya mtu si mashtaka. Mhandisi hakuiba vipande. Mafundi wa siku zile walikuwa na mchezo wa kung'oa transista nzima ndani ya redio ya mteja na kuweka mbovu. Yeye hata skrubu moja aliyoibadilisha alikurudishia, imefungwa ndani ya kiberiti. Alikuwa Msabato, Jumamosi hakugusa waya, na hata hivyo vipaza sauti vya msikiti wetu alivitengeneza bila malipo kwa miaka yote niliyomjua. Imamu alipotaka kumpa chochote alikataa kwa hotuba ndefu, mbele ya watu wengi iwezekanavyo. Wema wake ulihitaji hadhira. Lakini ulikuwa wema, na vipaza sauti vililia.

Sasa lami.

Kila saketi aliyoitengeneza Mhandisi aliizika ndani ya lami. Lami yenyewe aliiokota kwenye mabaki ya matengenezo ya barabara ya uwanja wa ndege, akaiyeyusha katika kopo la maziwa ya unga, akaimimina juu ya kazi yake mpaka kisionekane kitu isipokuwa ncha za waya. Alisema ni kwa ajili ya unyevu. Kijana wa duka la pili aliniambia sababu ya kweli, na baadaye Mhandisi mwenyewe aliikiri kwa majivuno: aliogopa kuibiwa siri. Aliamini mafundi wa Kigali nzima, na labda wa Butare, walikuwa wakivizia michoro yake. Siku nilipopata kuuona mchoro wa kisanduku cha mama, ulikuwa ule ule uliomo katika kitabu changu cha kidato cha nne, na rizista moja ilikuwa imewekwa mahali pasipo pake.

Matokeo ya lami yalikuwa mawili. Kwanza, aliyenunua kitu kwa Mhandisi alifungwa naye kwa maisha, kwa kuwa hakuna fundi mwingine aliyekubali kukigusa. Pili, jua la mchana lilipoingia dirishani kwetu, kisanduku kilitoa jasho jeusi. Mama alipoteza kanga mbili kwa jasho hilo. Ya tatu aliifanya kitambaa cha kisanduku moja kwa moja, akasema, "Hiki si kifaa, mwanangu. Hiki ni mgonjwa."

Nilipopeleka kisanduku kiongezwe tundu la kaseti, nilimwandalia kila kitu. Nilimwambia kwamba sauti mbili haziunganishwi hivi hivi kwenye waya mmoja, kwa sababu kila chombo humnyonya mwenzake, na zote mbili hudhoofika. Inatakiwa swichi ya kuchagua: ama redio, ama kaseti. Swichi nilikuwa nayo mkononi, nimeinunua mjini kwa faranga mia tatu na hamsini. Aliigeuzageuza kama mtu anayekagua jino la mbuzi.

"Swichi ya nini, mzee wangu?"

"Ya kuchagua."

"Mukecuru achague? Yeye ni mbunge?" Mukecuru, yaani bibi kizee, ndiye mama yangu. Akacheka, akamtazama mama wa ndizi ili naye acheke, na alicheka. "Swichi iko uvivu wa fundi. Fundi mzuri anaunganisha yote, sauti inajua njia yake."

"Sauti haijui njia. Inafuata waya."

"Ndiyo maana wewe unauza vifungo."

Alinirudishia swichi. Kisanduku kilirudi siku ya Ijumaa kikiwa na matundu matatu. Niliomba la pili tu. La tatu, alisema, ni la akiba, kwa chombo ambacho bado hakijavumbuliwa, na alilitoza sawa na la pili, faranga mia sita.

Siku hiyo ya Ijumaa alisisitiza kukileta mwenyewe hadi Niboye, kwa sababu mteja mzee lazima afundishwe na mhandisi, si na mwanawe. Tulitembea pamoja. Karibu na Sonatubes palikuwa na kizuizi cha wanajeshi, kama ilivyokuwa miaka ile ya vita, na mwanajeshi kijana aliniamuru nifungue mfuko. Mtu yeyote mwenye akili, mbele ya bunduki, akiwa amebeba sanduku jeusi lenye nyaya, hutafuta maneno madogo. Nilisema: "Ni ya mama yangu, afande. Hasikii vizuri. Anasikilizia redio."

Mhandisi hakuvumilia kazi yake ielezwe kwa udogo namna hiyo. Alinisogeza kando.

"Afande, iyi iko amplifikateri. Nimetengeneza mimi. Iko na mashimo tatu. Inasikia yote!"

Mwanajeshi alimtazama. "Inasikia yote?"

"Yote, afande!"

"Inasikia nani?"

 Watu walikuwa wamewekwa ndani kwa vitu vidogo kuliko hivyo. Nilianza tena habari za mama, lakini mwanajeshi alikuwa ameshavaa hedifoni juu ya kofia. Akakunja uso.

"Iko mbu humu ndani."

"Hakuna mbu, afande," alisema Mhandisi.

"Iko mbu. Inalia tiiiii."

"Samahani, afande, hakuna kitu inalia. Sauti iko safi."

Alikuwa akibishana na mtu mwenye bunduki kuhusu sauti iliyokuwa ndani ya masikio ya mtu huyo. Mwanajeshi alimwita mwenzake, naye akavaa, naye akasema mbu. Walinivika mimi. Mbu alikuwepo, mwembamba na mkali, kama inavyotokea amplifaya iliyounganishwa vibaya inapoanza kujililia yenyewe. Mwisho wakamvika Mhandisi. Alisimama katikati ya barabara, macho juu, kama anayesikiliza mahubiri, kisha akatangaza: "Safi kabisa."

Hapo ndipo nilipofahamu. Hakuwa akisema uongo. Mbu yule kwake hakuwepo. Alikuwa ametumia ujana wake akipaza sauti kwenye mechi na mikutano, kichwa kikiwa kando ya spika, na sauti zote nyembamba zilikuwa zimemtoka: mbu, filimbi, kengele ya baiskeli. Mhandisi wa sauti wa Kabeza alikuwa nusu kiziwi, na hakuna aliyemwambia kwa sababu hakuna aliyepewa nafasi ya kumwambia neno.

Wanajeshi waliishia kucheka. "Haya mzee, peleka mbu yako nyumbani," mmoja alisema, na tukapita. Mhandisi alitembea mbele yangu hadi Niboye akilalamika jinsi jeshi lisivyo na watu wenye masikio.

Kumsamehe masikio ni rahisi. Masikio hupewa mtu na hunyang'anywa. Nyumbani kwetu alifanya jambo nisilolisamehe kwa urahisi huo. Alichomeka redio tundu la kwanza, kinasa kaseti tundu la pili, akaweka kaseti yake ya kwaya ya Wasabato kujaribia. Alipobonyeza kitufe cha kuchezea peke yake, sauti ilitoka dhaifu. Alikuwa ameunganisha pini zote nne za sauti za kinasa kwenye waya mmoja, za kutolea pamoja na za kupokelea, kwa imani yake kwamba pini isiyo na kazi ni dhambi. Redio na kaseti zikawa zinanyonyana kama nilivyomwambia. Ndipo akabonyeza vitufe viwili pamoja, cha kuchezea na chekundu. Sauti ikapanda, kubwa, nzito, ikimtosha hata yeye.

"Unaona, mukecuru? Hivi! Mbili pamoja. Moja iko ya watoto."

Mimi nilikuwa uani nikimchotea maji ya kunawa. Lau ningekuwa chumbani ningemwambia kwamba sauti ile haikutoka kwenye kaseti. Ilikuwa ya redio, ikiingia ndani ya kinasa kwa pini za kupokelea, na kinasa kilikuwa kikiiandika juu ya kwaya yake mwenyewe wakati yeye akijisifu. Redio nayo ilikuwa ikipiga kwaya saa ile. Kwake kwaya ilikuwa kwaya. Mama alikariri somo lake vizuri: mbili pamoja. Jumapili asubuhi alifungua barua ya binti yake kwa namna aliyofundishwa na mhandisi, akasikia bei ya viazi, akadhani ni redio inayomalizia habari, akangoja kwa adabu binti yake aanze, mpaka aliposhindwa akaniuliza.

Jumatatu nilikuwa Kabeza kabla hajafungua mlango. Nilimweleza yote, polepole, kwa kipande cha karatasi. Alisikiliza akisugua meno kwa kijiti.

"Nilimwambia mbili. Sauti haikutoka?"

"Ilitoka ya redio."

"Basi ilitoka."

"Imefuta barua ya mwanawe. Hajui mjukuu wake anaitwa nani."

Akatema kijiti. "Kaseti inayo meno mawili mgongoni. Yakivunjwa, kitufe chekundu hakishuki, hakuna kitu inafutika. Meno ilikuwaje?"

Nilitazama karatasi yangu. Dada yangu alitumia kaseti ya zamani ya nyimbo, meno yalikuwa yamevunjwa kiwandani, naye akaziba matundu kwa karatasi na gundi ili aweze kurekodi. Mhandisi alinisoma usoni.

"Aa! Aliziba. Mwambie dada yako asizibe." Akafungua mlango wake, akavaa koti. Kesi kwake ilikuwa imeisha, na mshitakiwa alikuwa Kigoma.

Udhia wa watu wa namna hii ni kwamba kila mara wanakuwa na robo ya haki. Wangekosa kabisa tungeshawaacha.

Niliandika barua mbili Kigoma kuuliza jina. Hazikujibiwa; shemeji yangu ndiye aliyekuwa akimsomea dada, naye alikuwa safarini ziwani muda mrefu. Mama aliacha kuzungumzia jambo lile, isipokuwa alipokuwa akishona. Hapo alijaribu majina kwa sauti, moja moja, kama mtu anayejaribu funguo: hili linamfaa, hili ni la upande wa mumewe, hili asingethubutu. Nilimfundisha kuchomoa redio kwanza kila anapotaka kaseti, nikafunga uzi mwekundu kwenye waya wa redio na mweupe kwenye wa kaseti. Ilisaidia, lakini mbu alibaki, na sauti ya kaseti ilibaki dhaifu, na masikio ya mama hayakusimama mahali pamoja kutungoja. Nilimwomba Mhandisi afungue lami atenganishe zile pini. Alikataa mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. "Nikifungua, utaona," alisema, na hakuona aibu kulisema hilo kama sababu.

Mara ya mwisho nilimwona Februari 1994. Yaliyofuata Aprili siyaandiki hapa. Nimewauliza watu wa Kabeza habari zake tangu wakati huo, na sikupata anayejua.

Februari hiyo kaseti mpya ilifika. Mfanyabiashara alisema shemeji amerudi na kuzisoma barua zangu, na dada ameshangaa kuulizwa jina alilokwisha kulitaja, na amelisema tena. Mama alichomoa redio, akavaa hedifoni, akabonyeza kitufe kimoja. Akakaza macho. Akakandamiza hedifoni kwa viganja. Akazivua.

"Ananong'ona," alisema. "Kwa nini ananong'ona?"

Dada yangu hakuwa akinong'ona. Niliisikia sauti yake ikivuja kutoka kwenye hedifoni mpaka pale niliposimama. Niligeuka nikatoka nje, kwa sababu nilikuwa nimekatazwa kusikiliza, na katazo lilikuwa bado halijaondolewa. Nilimwomba kupitia mlangoni, kwa ishara, aniruhusu nimsikilizie nimwandikie. Mama anajua kusoma. Alitikisa kichwa.

"Sitaki kusomewa mjukuu wangu."

Asubuhi iliyofuata alivaa buibui, akaniamuru nibebe kinasa, yeye akabeba kisanduku, tukaenda Kabeza. Hakumsalimia Mhandisi kwa urefu. Alivuta kigoda, akakaa mlangoni penyewe, katikati, hivi kwamba mteja asingeweza kuingia wala mwenye duka kutoka, akaweka kisanduku mapajani, na juu yake swichi.

"Fungua," alisema.

Mhandisi alianza. Alieleza unyevu. Alieleza siri za kazi na mafundi wa Butare. Alieleza impedansi, kwa mikono miwili, kwa Kiswahili, kwa Kinyarwanda na kwa Kifaransa. Nilikuwa nimemwona mtu huyu akiwashinda kwa maneno wateja, imamu na wanajeshi, na nilijua anavyofanya: hakukupa nafasi ya kupumua mpaka ukubali. Mama alimtazama midomo kwa upole, kama anayetazama mvua.

Alipotua kuvuta pumzi, mama alisema: "Sikusikii, baba. Fungua."

Akaanza upya, kwa sauti kubwa zaidi. Mama wa ndizi akasogea karibu na beseni lake. Wateja wawili wakasimama nje. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hadhira haikumsaidia.

"Sikusikii, baba yangu. Ndilo lililonileta. Fungua."

"Mukecuru, kisu kitaharibu..."

"Fungua."

Mama wa ndizi akasema, "Yewe, Mhandisi, mfungulie mukecuru, watu wanataka kupita."

Mhandisi aliwatazama watu wale. Kisha akavua koti jeupe, akalitundika kwenye msumari, na bila koti alikuwa mtu mdogo mwenye fulana iliyotoboka begani. Akapasha kisu kwenye jiko la mkaa. Kazi ilichukua asubuhi nzima. Lami ilitoka kwa vipande, ikinuka barabara, na chini yake nyaya zake zilikuwa zimekaa vizuri sana, lazima niseme, zimelazwa sambamba kama nyuzi kwenye kitambaa cha kufumwa. Mkono alikuwa nao. Aliuzika mkono huo ili isionekane alikotoa mchoro. Nilimwonyesha ile rizista iliyokaa pasipo pake. Aliihamisha. Alitenganisha pini, akafunga swichi, akailehemu kwa viungo vidogo, vinavyong'aa, ambavyo mimi nisingeviweza hata leo.

Mama akavaa hedifoni. Swichi upande wa kaseti, kitufe kimoja. Sikumsikia mbu. Tukamtazama wote, hata wateja wa nje.

Alikaa muda mrefu bila kusogea. Halafu akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyetaniwa, akajipiga paja.

"Somo yangu!" alisema kwa sauti ya watu wasiojisikia, iliyofika mpaka barabarani. "Wamempa jina langu! Miezi yote natafuta majina ya watu, kumbe ni mimi!"

Mama wa ndizi akapiga vigelegele. Mama alirudisha kaseti nyuma, akavua hedifoni, na kabla Mhandisi hajajua akamvika yeye. "Sikiliza, baba. Mwishoni analia. Msikilize somo yangu anavyolia."

Nilikuwa nimesimama karibu, na sauti ilivuja: dada yangu akisema maneno mawili, kisha kilio cha mtoto mchanga, chembamba, cha juu kabisa, kama kile cha mbu. Nilimtazama Mhandisi usoni. Maneno ya dada yalipopita, nyusi zake zilisogea. Kilio kilipofika, hazikusogea. Alingoja. Alikandamiza hedifoni kwa viganja, kama mama alivyofanya nyumbani. Aliangalia kitufe, akaangalia kaseti inazunguka, akaangalia mama anayemtazama midomo.

"Nasikia," alisema. "Iko na sauti nzuri."

Niliyasahihisha maneno mengi ya mtu huyo katika miaka minne. Hayo niliyaacha.

Kisha akavaa koti lake, akachagua kalamu moja kati ya zile nne kama atakayeandika, asiandike, akanitajia bei ya kuondoa lami: faranga mia sita. Nilimwambia lami aliiweka mwenyewe bila kuombwa. Akasema kuiweka ilikuwa bure, tena kwa hisani. Kuiondoa ni kazi. Mama aliuliza tunabishania nini, nikamwonyesha kwa vidole, naye akaniamuru nilipe na nishukuru, kwamba hakuna hasara hapo.

Mimi nahesabu tofauti. Kisanduku sikihesabu, kwa maana mwishowe kilifanya kazi. Swichi siihesabu. Tundu la tatu, ambalo hakuna aliyeliomba na halikuingizwa waya hata siku moja, mia sita. Kuondoa lami, mia sita. Kwa Mhandisi nilipoteza faranga elfu moja na mia mbili.